Masomo ya Juu ya Afya kwa Mfanyakazi: Saa Zitatoka Wapi?

Ndugu wafanyakazi, katika mashamba ya chai na viwanda vya sukari vya Uganda wamo wenzetu walio na shahada ya kwanza, wauguzi wa zahanati za mashamba na wakaguzi wa usalama kazini, ambao wanataka kuendelea na shahada ya uzamili ya afya. Ni jambo jema kwetu sote. Mtu aliyeishi kambini na kuonja vumbi la kiwandani akijifunza kupima madhara yake, hatadanganywa kwa urahisi. Lakini wengi huanza kwa furaha, na ifikapo muhula wa pili hawalali, hawacheki na watoto, na kazini wanasinzia.

Chuo kinachofikiriwa kwanza ni Makerere. Idara yake ya tiba ya kinga ilianzishwa mwaka 1954, na ndiyo iliyokua ikawa Shule ya Afya ya Umma ya leo. Mbali na masomo ya kutwa, shule hiyo imewahi kufundisha shahada ya uzamili kwa njia ya kusoma ukiwa mbali: mwanafunzi hubaki kituoni kwake, huja Kampala kwa vipindi maalumu, na sehemu kubwa hujisomea mwenyewe. Wako wanaodhani njia ya namna hii ni nyepesi. Sivyo. Takwimu ni zile zile, na epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa na sababu zake, ni ile ile. Kilichopungua ni mwalimu wa kukuuliza kila siku umefika wapi.

Sasa tuhesabu. Juma lina saa 168. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka kikomo cha kawaida cha saa 48 za kazi kwa juma. Usingizi wa saa saba kila usiku ni saa 49. Kula, kuoga, kwenda kazini na kurudi, na shughuli za nyumbani, tuseme saa nne kwa siku, ni 28. Zinabaki 43. Ukisoma saa 15, unabaki na 28 za jamaa, ibada, mazishi ya jirani na kupumzika. Kwa karatasi inawezekana. Ongeza saa nane za ziada kiwandani, kama ilivyo kawaida msimu wa miwa, na safari ya Kampala, utaona kinachokatwa kwanza ni usingizi.

Hilo ni kosa la gharama kubwa. Akili huhifadhi ulichosoma wakati umelala. Anayekesha na kitabu anajaza debe lililotoboka. Aliyetoka zamu ya usiku alale kwanza, kitabu baadaye. Tena, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Hesabu yao ilikuwa ya saa za kazi, si za masomo. Hata hivyo mwili ni mmoja, na 48 na 15 ni 63.

Kuhusu mazoezi, mchuma chai hahitaji kuhubiriwa atembee. Anayeketi zahanati kutwa na kusoma jioni ndiye aliye hatarini. Shirika la Afya Duniani linashauri walau dakika 150 kwa juma za kutumia mwili kwa kiasi, na kutembea kwa haraka kwenda kazini, kulima na kucheza mpira Jumapili vyote vinahesabiwa. Chakula cha mchana kisigeuzwe chai na mandazi ili kuokoa karo.

Jambo kubwa, kwa maoni yetu, haliko katika bidii ya mtu mmoja. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi namba 140 wa mwaka 1974 unahusu likizo ya masomo yenye malipo, na jirani zetu Kenya na Tanzania wameuridhia. Na popote chama kina makubaliano ya pamoja na mwajiri, kifungu cha likizo hiyo kinaweza kudaiwa. Bila hicho, mwanafunzi hutumia likizo yake ya mwaka, siku 21, kwa vipindi vya chuo na mitihani, na mwaka mzima unapita hajapumzika hata siku moja.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa karo, pata kalenda ya muhula kutoka chuoni. Mwandikie mwajiri ukitaja tarehe za vipindi na mitihani, uombe zamu zisizogongana nazo, na nakala umpe katibu wa tawi. Ukifika kwenye tasnifu, unaweza kuchunguza maumivu ya mgongo ya wachumaji au kelele za mashine hapo hapo ulipo, ukiwa na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Kila mfanyakazi akubali kwa hiari yake, na majina yao yasifike mezani kwa meneja.