UFUGAJI: Ukisafiri, samaki wako ataponzwa na shibe wala si njaa

Na MWANDISHI WETU

MSIMU wa likizo unapowadia, familia nyingi za mijini hufunga virago na kuelekea mashambani kuwajulia hali wazee. Mbwa huachiwa bawabu, paka hujitafutia, nao kuku hawakosi wa kuwarushia mahindi. Anayesahaulika hadi dakika ya mwisho ni samaki wa dhahabu aliye katika tangi la kioo pale sebuleni.

Hapo ndipo mwenye nyumba, kwa kumwonea imani, humwagia majini konzi nzima ya chakula akitumai kitamtosha kwa siku zote nne. Wengine humkabidhi jirani kopo zima na kumsihi asimwache kiumbe huyo alale njaa. Familia inaporejea, maji yamekuwa meupe kama tui, yananuka, na samaki anaelea ubavu. Watoto huangua kilio, naye jirani hubaki akijiuliza alikosea wapi ilhali hakukosa kumlisha hata siku moja.

Wema hauozi, walisema wahenga. Chakula cha samaki, hata hivyo, huoza upesi, na huko kuoza ndiko kunakoua.

Samaki wa dhahabu, ambaye Wachina walianza kumfuga zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu. Akimeza, chakula hupita moja kwa moja hadi kwenye utumbo. Kwa sababu hiyo, maumbile yamemzoesha kudonoa kidogo kidogo mchana kutwa, na humkimbilia kila anayesogea karibu na kioo hata kama amelishwa punde tu. Tabia hiyo huwahadaa wengi wakadhani ana njaa.

Isitoshe, kinyume na binadamu, samaki huyu hatumii chakula kuupasha mwili wake joto. Mwili wake hufuata joto la maji yaliyomzunguka. Ndiyo maana samaki mzima mwenye afya, aliye katika tangi lenye chujio linalofanya kazi, aweza kukaa wiki nzima bila kulishwa na asidhurike. Safari ya siku mbili au tatu haihitaji mlishaji kamwe. Ni samaki wachanga tu wasioweza kustahimili mfungo wa aina hiyo.

Hatari kubwa imo katika maji yenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia kwa mashavu yake, na chakula kisicholiwa hutoa amonia zaidi kinapooza. Amonia ni sumu inayounguza mashavu na kumnyima samaki pumzi. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi ndani ya chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huongezeka polepole. Chakula kikizidi ghafla, hulemewa na sumu ikatanda.

Kutokana na hayo, tangi lililoanzishwa majuma machache tu yaliyopita huwa hatarini zaidi kuliko lililodumu miezi mingi. Bakuli la mviringo lisilo na chujio ni baya zaidi, kwani halina bakteria wa kutosha, na mdomo wake mwembamba hauingizi hewa ya kutosha.

Matayarisho yaanze mapema. Usiongeze samaki mpya katika majuma ya mwisho kabla ya safari, kwani huenda akaleta maradhi wakati hakuna wa kuyatambua. Siku mbili kabla ya kuondoka, badilisha takriban robo ya maji. Maji ya mfereji hutiwa klorini, ambayo huwadhuru samaki na bakteria pia, hivyo tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauzaji wa samaki wa mapambo. Baadhi ya wafugaji huyaacha maji katika ndoo wazi kwa saa 24 ili klorini itoweke. Chujio nalo lioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini, si ya mfereji.

Siku ya safari, mpe chakula kidogo tu au usimpe kabisa. Hakikisha tangi halipigwi na jua la dirishani na kwamba lina kifuniko kinachopitisha hewa, maana samaki huruka, na paka wa jirani hajali mpaka. Taa ya tangi yaweza kuzimwa. Mwangaza wa kawaida wa mchana unatosha.

Kisha kuna suala la umeme. Watu wengi huzima swichi kuu wanapofunga nyumba kwa kuhofia moto, wakasahau kwamba wamezima pia pampu na chujio. Wanaotumia mita za tokeni nao wahakikishe tokeni zilizosalia zitatosha hadi watakaporudi. Hata ukifanya hayo yote, umeme waweza kupotea wenyewe, kama ulivyopotea karibu nchini kote mnamo Agosti na Desemba 2023. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kinga nzuri, hasa maeneo ya joto kama Mombasa, kwa kuwa maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo ilhali samaki huihitaji zaidi.

Ikiwa safari itapita wiki moja, basi tafuta mtu wa kumwangalia samaki. Usimwachie kopo. Pima chakula mwenyewe, kiasi cha ukubwa wa jicho la samaki kwa kila mmoja, ukifunge katika vikaratasi na kuandika tarehe juu yake. Mlo mmoja kila baada ya siku mbili unatosha. Kopo lenyewe lifiche. Vidonge vya chakula vinavyoyeyuka polepole majini havifai kutegemewa, kwani vyaweza kuyachafua maji. Mashine ya kulisha nayo ijaribiwe wiki moja kabla, ukiwa nyumbani, usije ukagundua umbali wa kilomita 400 kwamba imemwaga yote.

Mwachie mlinzi huyo maagizo machache yaliyoandikwa. Umeme ukipotea, asilishe; achote maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara ili yapate hewa. Samaki mmoja akifa, amwondoe mara moja. La muhimu zaidi, asipulize dawa ya mbu katika chumba hicho, kwa maana nyingi zina kemikali zinazoua samaki hata zikiwa kidogo mno. Kila jioni anaweza kukutumia picha ya tangi kwa simu. Maji yakianza kuwa meupe, mwambie asimamishe chakula na abadilishe robo ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini.

Utakaporejea, usikimbilie kumlipa fidia ya mlo. Tazama kwanza iwapo anaogelea sawasawa au anahema juu ya maji, jambo linaloashiria upungufu wa hewa au wingi wa sumu. Mlishe kidogo, na ubadilishe robo ya maji siku hiyo au kesho yake.

Wengi humchukulia samaki wa dhahabu kuwa pambo la miezi michache. Hata hivyo, akitunzwa vyema huishi zaidi ya miaka 10, na mmoja aliyeitwa Tish nchini Uingereza alifariki mwaka wa 1999 akiwa na umri wa miaka 43. Mtoto anayenunuliwa samaki leo aweza kumaliza shule ya msingi na ya upili akiwa naye, mradi tu wakubwa wake wajifunze kwamba, wanaposafiri, kumnyima chakula kwa siku chache ni njia mojawapo ya kumpenda.