Kuosha jikoni chini kwa nusu bidoni: sabuni mbele, javeli nyuma

Ni saa moja ya mangaribi hapa Goma. Mama ametoka kuuza soko Virunga, mbabula inawaka, sombe iko kwenye moto, na mtoto wa miezi nane anatambaa chini akitafuta kitu cha kutia kinywani. Chini kuko vumbi ya makala, matone ya mawese, kichwa cha sambaza, na alama za viatu vilivyotoka inje kwenye mawe meusi. Maji yaliyobaki ni bidoni moja, na hiyo moja njo ya kupika, ya kunywa na ya kuoga. Ukimwambia mama huyo: «Osha jikoni chini kila siku», atakujibu kwa haki: «Na maji itatoka wapi?»

Ndugu msikilizaji, makala hii inajibu swali hilo. Jikoni ndogo inaweza kuoshwa vizuri kwa lita 10, ni kusema nusu ya bidoni ya lita 20, na kazi yote isipite nusu saa. Siri si kuweka dawa mingi. Siri ni kufuata mpango: kufagia, sabuni, kusuuza, kisha javeli kama inahitajika. Wengi wetu tunageuza mpango huo. Tunamwaga javeli kwanza, tunasikia harufu yake, tunasema: «Sasa kuko safi.» Hapo tumepoteza feza.

Kwa nini sabuni itangulie

Sabuni na javeli hazifanyi kazi moja. Sabuni inakamata mafuta na uchafu, inavitoa chini ili maji yaondoke navyo. Javeli haitoi mafuta. Kazi yake ni kuua vijidudu. Lakini javeli ikikuta uchafu, inamaliza nguvu yake kwenye uchafu huo, na vijidudu vilivyojificha chini ya mafuta vinabaki vizima. Ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye matope: rangi itakamata matope, haitakamata ukuta.

Kwa hiyo, kama feza ni ya kununua kitu kimoja tu, nunua sabuni. Chini palipooshwa vizuri kwa sabuni na kukauka, pamepunguza vijidudu mingi tayari. Javeli inaweza kungoja siku moja kwa juma, ao siku ambayo damu ya nyama ao maji ya samaki mubichi yamemwagika, ao siku kuko mtu mwenye kuhara nyumbani.

Nusu bidoni, hatua kwa hatua

1. Toa vitu. Viti, masufuria na mifuko ya makala vitoke chini. Mbabula itoke inje kama moto umezimika. Kama ungali unawaka, ngojea. Usifanye kazi ya maji karibu na moto na mtoto miguuni.

2. Fagia bila kurusha vumbi. Hapa kwetu vumbi ya makala inachanganyika na vumbi nyeusi ya mawe ya volkano. Ukimwagia maji kabla ya kufagia, inakuwa matope meusi yanayoingia ndani ya sima. Lowesha ufagio kidogo, ukung'ute, kisha anza kwenye pembe ya mbali ukielekea mlango. Ugali ao chakula kilichokauka chini, kiloweshe kwa mkono, kiache dakika tano, kisha ukikwangue na kijiko cha zamani.

3. Sabuni: lita 4. Tia kiasi kidogo cha sabuni ya unga ndani ya maji ya uvuguvugu. Povu mingi haionyeshi usafi: inakudai maji mengine ya kuitoa. Sugua na brosi mahali pa kupikia na mahali pa kuoshea vyombo, fasi zingine pitisha kitambaa tu.

4. Kusuuza: lita 3. Chukua kitambaa kingine, ukiloweshe, ukikamue, upanguse. Watu wengi wanamwaga maji chini kwa basini, halafu wanahangaika kuyasukuma inje. Kitambaa kilichokamuliwa kinatumia maji kidogo na chini panakauka upesi.

5. Javeli, siku yake: lita 2 za maji baridi. Kama chupa imeandikwa 12°, vijiko viwili vikubwa vya supu kwa kila lita vinatosha. Kwa lita 2, ni vijiko vinne. Pitisha, acha dakika 10, usipanguse mbio. Dakika hizo 10 njo kazi yenyewe. Fungua mlango na dirisha.

6. Lita 1 ya mwisho. Kama mtoto anatambaa, pangusa mara moja na maji safi baada ya zile dakika 10, kisha acha pakauke mbele ya kumurudisha.

Siku isiyo ya javeli, unabaki na lita 3 mkononi. Na kuko namna nyingine ya kupunguza: maji ya mwisho ya kusuuza nguo yangali yanafaa kwa hatua ya sabuni. Lakini yasiwe maji yaliyooshea nguo za mtoto zenye choo, wala maji ya vyombo yenye mafuta. Hayo yanarudisha chini kile ulichotoa.

Kila nyumba na chini yake

Pavema ya sima inavumilia kusuguliwa, lakini sima ina matundu madogo yanayonywa mafuta. Doa likilala siku tatu, litakutesa. Lioshe siku ileile.

Karo ni rahisi zaidi: uchafu unakaa juu, lakini unajificha kwenye mistari katikati ya karo. Mistari hiyo uisugue na brosi ya meno ya zamani. Usisugue karo kwa mchanga ao majivu, zitapoteza mwangaza. Na karo yenye maji ya sabuni inatelezesha, basi wazee na batoto wangoje ikauke.

Mbao, sawa tunavyoziona mingi Majengo na Birere, hazipendi maji mengi. Mbao ikilowa kila siku inavimba na inaoza. Fagia kwa kufuata urefu wa mbao, si kwa kukata, ili makombo yasiingie katikati yake. Makombo hayo njo chakula cha panya na mende. Ukikuta yameingia, yatoe na kisu chembamba, kisha pangusa na kitambaa kilichokamuliwa sana.

Udongo ao changarawe haiwezi kuoshwa, na javeli ukiimwaga hapo inamalizikia kwenye udongo. Nyunyiza maji kidogo kwa mkono, fagia, na mtoto mutandikie mkeka wake, uuoshe mkeka huo na uuanike juani. Vyombo na chakula vikae juu ya meza ao ubao, visiguse chini.

Mawese yakimwagika

Hapa njo watu wanapoteza sabuni nyingi. Mafuta yakimwagika, mkono wa kwanza unakimbilia maji. Usifanye hivyo. Mafuta yanaelea juu ya maji, basi maji yanayabeba na kuyatandaza jikoni mzima.

Chukua majivu ya mbabula, yale yaliyopoa kabisa, uyamwage juu ya mafuta. Acha dakika 10, fagia. Majivu yanakunywa mafuta. Tena majivu ya miti yana chumvichumvi ambayo, ikikutana na maji na mafuta, inafanya kitu kama sabuni. Bibi zetu walisugulia vyombo na majivu bila kungoja duka. Kama hauna majivu, vumbi ya mbao kutoka kwa seremala inafaa pia. Baada ya kufagia, maliza na maji ya moto na sabuni. Goma iko juu, karibu metre 1.500, usiku kunakuwa baridi na mawese yanagandamana. Maji baridi yatayasukuma tu, hayatayatoa.

Neno moja la kuangalia: majivu yanaweza kuficha kaa la moto siku nzima. Kwenye nyumba ya mbao, kaa moja linatosha kuchoma nyumba, na nyumba ya jirani. Gusa majivu kwa maji kidogo inje mbele ya kuyaingiza.

Vitu visivyochanganywa

Kuko wenye kufikiri: javeli ni kali, ndimu ni kali, basi pamoja vitakuwa kali mara mbili. Hapana. Javeli ikikutana na ndimu, vinegre ao asidi ya kusafishia choo, inatoa gazi ya klori. Gazi hiyo inachoma macho na mapafu, na ndani ya jikoni ndogo isiyo na dirisha inaweza kumulaza mtu hospitali. Vilevile mkojo: mtoto akikojoa chini, osha mbele na sabuni, suuza, kisha njo uweke javeli. Ukianza kukohoa ao macho kuwasha, usijaribu kumaliza kazi. Toka inje, acha mlango wazi.

Petroli ya taa nayo isipitishwe jikoni chini, hata kama jirani anakuambia inafukuza mende. Inalowa ndani ya mbao, na mbabula iko hapohapo. Mende wanafukuzwa na chini pasipo makombo.

Na chupa. Javeli inauzwa mara mingi ndani ya chupa ya maji ao ya sukari, bila etiketi. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma rangi. Weka alama kubwa, funga kizibo, weka juu sana, mbali na jua. Javeli inapoteza nguvu kwenye joto na mwangaza, na ile uliyochanganya na maji itumike siku ileile. Kama mtoto ameikunywa, usimulazimishe kutapika, juu itamuchoma mara ya pili ikipanda. Mupeleke mbio kwenye kituo cha afya, na chupa uibebe.

Kama kuko mtu wa kuhara nyumbani

Sisi watu wa kando ya ziwa Kivu tunajua kipindupindu. Mwaka wa 1994 kiliua watu mingi sana katika kambi za wakimbizi pembeni ya mji huu, na tangu hapo hakijatuacha kabisa. Kinapita kwenye maji na chakula vilivyoguswa na choo ao matapishi ya mgonjwa, na jikoni njo mlango wake mkubwa.

Siku hiyo mpango unabadilika, na ni siku hiyo peke. Mgonjwa anaanza kunywa maji ya SRO mara moja na anapelekwa kwenye kituo cha afya, kusafisha kutafuata. Kisha changanya kipimo kimoja cha javeli na vipimo tisa vya maji. Vaa glavu. Funika matapishi ao choo kilichomwagika na kitambaa, mwagia maji hayo juu pole pole, acha dakika 10, kisha kusanya na kutupa ndani ya choo. Hapo njo osha na sabuni, suuza, na upitishe javeli tena. Hapa javeli imetangulia ili mwenye kusafisha asishike vijidudu vizima. Akimaliza, aoshe mikono na sabuni mpaka kwenye kiwiko, kabla ya kugusa sahani yoyote.

Siku zingine zote, shika mpango wa kawaida. Na kazi hii isiwe ya mama peke yake. Baba anaweza kutoa viti na mbabula, kijana mkubwa anaweza kufagia, dada akipitisha sabuni. Watu watatu wanamaliza kabla sombe haijaiva, na mtoto anarudi chini kutambaa. Atatia tena mkono kinywani, hatutamuzuia. Tunachoweza ni kuchagua mkono huo umegusa nini.