Homa Baada ya Safari: Usikubali Ubongo Wako Ukudanganye

Wengi wetu hapa Xiaobei ni watu wa kwenda na kurudi. Mzigo unapelekwa Dar es Salaam au Mombasa, wiki mbili baadaye uko tena Guangzhou. Ukishikwa na homa, ubongo hutoa jibu la haraka: "Ni uchovu wa ndege," au "Ni kiyoyozi tu." Leo tuangalie kwa nini jibu hilo ni la hatari.

Ubongo hupenda kuunganisha mambo

Jambo likitokea baada ya jingine, ubongo huamua kwamba la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Sasa, homa ya malaria hupanda na kushuka. Ukinywa chai ya tangawizi saa ambayo homa ilikuwa inashuka yenyewe, ubongo huipa tangawizi sifa. Kumbe vijidudu bado vimo kwenye damu na vinaongezeka.

Sayansi huukagua ubongo

Ndiyo maana wanasayansi hupima na kulinganisha. Bibi Tu Youyou wa China alisoma katika kitabu cha tabibu Ge Hong, cha karne ya 4, kuhusu mmea wa kutibu homa. Hakuishia kuamini. Alijaribu, akashindwa, akabadili njia ya kukamua dawa kwa kutumia joto dogo, na mwaka 1971 dawa ikaua vijidudu katika panya. Mwaka 1974 Dk. Li Guoqiao, wa chuo cha tiba ya Kichina hapa hapa Guangzhou, aliijaribu kwa wagonjwa. Leo ndiyo msingi wa dawa mseto tunazopewa nyumbani. Bibi Tu alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Daktari naye ana ubongo

Daktari hufikiria kwanza ugonjwa anaouona kila siku. Tarehe 30 Juni 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba China imetokomeza malaria. Kwa hiyo daktari wa hapa anaweza kudhani una mafua. Msaidie.

Ufanye nini?

- Ukipata homa ndani ya miezi mitatu tangu urudi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.
- Anza kwa kusema umetoka Afrika. Malaria kwa Kichina ni nüèji. Liweke neno hili kwenye simu umwonyeshe: 疟疾.
- Omba kipimo cha damu cha malaria. Kikikosa kuonyesha kitu na homa ikaendelea, rudia baada ya saa 12 hadi 24.
- Mgonjwa akichanganyikiwa, akipata degedege au macho yakiwa ya njano, piga 120 mara moja.

Malaria kali huua ndani ya siku chache, lakini ikiwahiwa inatibika. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua.