Hilali Haimngoji Mwenye Waya Mbovu

Watu wa visiwa vya Lamu hawakuanza jana kuisoma mbingu. Manahodha wa Pate, Siyu na Faza walivuka bahari usiku kwa nyota, na wakulima walikitazama Kilimia wapate kujua majira. Hata mwezi wetu wa kufunga na wa kufungua huanza kwa jicho la mtu aliyesimama akitazama magharibi. Siku hizi, ndugu msomaji, kazi hiyo ya kale imepata chombo kipya: darubini inayoongozwa na kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani.

Kompyuta hiyo, na mashuhuri katika jamii yake ni Raspberry Pi, hufungwa juu ya kitako cha darubini. Huziamuru mota zigeuke, hupokea picha za kamera, na hujua nyota gani iko wapi na saa ngapi. Na orodha ya nyota zake imejaa maneno ambayo mtoto wa chuoni atayatambua. Aldebaran ni ad-dabaran, yaani mfuatao, kwa kuwa hukifuata Kilimia. Deneb ni dhanab, mkia. Fomalhaut ni fam al-hut, kinywa cha samaki.

Basi tatizo la kwanza ni umeme. Mji wa Lamu umeelekea Manda, upande wa mashariki, na jua huchwea nyuma ya mji. Mwenye kuutafuta mwezi hana budi kupanda sakafu ya juu, au kuchukua vyombo vyake hadi upande wa pili wa kisiwa, ambako hapana plagi ya ukutani. Itambidi achukue betri ya volti 12.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya ampea 12 kwa saa ina wati 144 za saa moja. Tukiipa kompyuta wati 15 na mota wati 12, jumla 27, betri itatosha saa tano na kidogo. Lakini betri ya risasi na asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo hapo tuhesabu saa mbili na nusu tu. Ile ya lithiamu na chuma hutoa karibu yote iliyo nayo.

Tatizo la pili ni waya, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Raspberry Pi 4 hutaka volti 5 na ampea 3. Waya mrefu mwembamba hula umeme njiani, kama mfereji uvujao unavyokula maji ya kisima. Waya wenye ukinzani wa omu 0.2 kwenda na kurudi utapoteza volti 0.6, na kompyuta itaanza kulalamika au kuzimika. Dawa yake ni kupandisha volti 12 hadi juu, ambapo kazi ile ile hutaka ampea 1 na robo na hasara huwa robo ya volti tu, kisha kifaa cha kupunguza volti kiwekwe karibu na kompyuta yenyewe. Mota zipewe waya wake mbali, zisiinyang'anye kompyuta umeme zinapogeuka kwa kasi, na kila waya uwe na fyuzi karibu na betri.

Tatu ni mpango wa nyaya. Lamu iko digrii mbili na robo kusini ya ikweta. Kitako kinachoelekezwa kwenye ncha ya mbingu hulala hapa karibu sawa na ardhi, na uzani wake huweza kugonga miguu. Kinachofaa zaidi ni kile kinachozunguka kama feni na kuinuka kama shingo. Lakini kikizunguka, nyaya nazo hujiviringisha. Kwa hiyo kamera na kompyuta zipandishwe juu pamoja na darubini, ili waya unaoshuka uwe mmoja tu. Uachwe na ulegevu, ufungwe penye egemeo, na kabla ya magharibi darubini izungushwe pole pole kwa majaribio. Hewa yetu ya chumvi hula shaba, basi viungo vya nje vipakwe grisi na vikaguliwe mara kwa mara.

Iko na saa. Kompyuta hizo, kabla ya zile za karibuni, hazina betri ya saa. Zikizimwa husahau wakati. Dakika mbili za kosa huisogeza darubini nusu digrii, upana mzima wa mwezi. Pasipo intaneti, ziongezewe saa ndogo yenye betri yake. Wala zisikatwe umeme ghafla, kadi ya kumbukumbu ikaharibika. Na kamwe darubini isielekezwe magharibi kabla jua halijazama kabisa: jicho likiungua halina fundi.

Mambo haya si ya ng'ambo tu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, Malindi, kilirushwa chombo Uhuru, cha kwanza duniani kutengwa kwa uchunguzi wa miali ya eksirei itokayo mbinguni. Nacho kililazimika kujitafutia umeme wake, kutoka kwa jua.

Ama kama mwezi wa darubini wakubalika au haukubaliki, hilo ni la masheikh, na kauli zao zimetofautiana. Lakini hilali changa huzama muda mfupi baada ya jua, na shahidi ataulizwa alichoona. Atakayekuwa gizani akifungua fundo la waya hatakuwa na la kusema.