Kuhesabu siku za hedhi: Anza siku iliyo sahihi

Kina mama wanaotaka kupanga uzazi bila dawa wanashauriwa kufika katika kituo cha afya, ikiwezekana na waume zao, kabla ya kuanza kuhesabu siku.

Kosa linalowaponza wengi hutokea mwanzoni kabisa: wanahesabu kuanzia damu inapokatika. Siku ya kwanza ni ile hedhi inapoanza. Mwenye hedhi ya siku 5 akingoja iishe, siku anayoiita ya 7, akidhani ni salama, kumbe ni ya 12.

Mhudumu huuliza kwanza urefu wa mzunguko. Ukiwa kati ya siku 26 na 32, mama anaweza kufundishwa kutumia shanga maalumu. Ushanga mwekundu ni siku ya kwanza, na kila siku kipete cha mpira husogezwa ushanga mmoja. Shanga za kahawia ni siku ambazo si rahisi kushika mimba. Nyeupe ni siku ya 8 hadi ya 19, na mimba inaweza kuingia. Siku hizo 12 wanandoa hujizuia au hutumia kondomu. Mume ambaye hakufundishwa, mara nyingi hapo ndipo huvuruga mpango wote.

Anayenyonyesha, au aliyeacha sindano karibuni, husubiri hadi mzunguko utulie. Ukitoka nje ya siku 26 hadi 32 zaidi ya mara moja kwa mwaka, arudi kituoni achague njia nyingine.

Kati ya wanawake 100 wanaofuata njia hii barabara kwa mwaka, takriban 5 hupata mimba. Kwa matumizi ya kawaida, 12. Shanga hazizuii Virusi vya Ukimwi.