Fidia ya Aliyeumia Kazini si Sadaka

Karibu na nyumbani kwangu anakaa mzee mmoja, fundi wa mbao, ambaye mkono wake wa kuume una vidole vitatu tu. Watoto wakimwuliza habari za viwili vilivyopotea, hujibu, "Vililiwa na msumeno, na ulimi wangu mwenyewe ukala kilichosalia." Nilikuwa siyaelewi maneno hayo mpaka siku aliponieleza habari yake yote.

Mwaka 2018 alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kidogo cha kupasulia mbao. Siku moja gogo liliteleza, na msumeno ukamkata. Msimamizi alimfunga kitambaa, akampa nauli na fedha ya dawa, akamwambia kwa upole, "Mzee, ukifika hospitali sema umeumia nyumbani, tusije tukaletewa maneno. Kazi yako ipo." Naye, kwa kuogopa kuikosa kazi, alisema hivyo, na daktari akaandika kama alivyoambiwa. Baada ya majuma machache aliletewa mfuko wa unga na shilingi kidogo, akashukuru sana.

Lakini mkono haukurudi kuwa mkono wa fundi. Alipoonekana hawezi tena kushika gogo, aliambiwa akapumzike. Mkewe akaanza kuuza maandazi, na binti yao akaacha masomo. Hata mwanawe, ambaye ni mwalimu mbali, alipokuja likizo na kuuliza, "Baba, walikulipa fidia?" miezi 15 ilikuwa imekwisha pita, na cheti cha hospitali kilisema kwamba aliumia nyumbani.

Wasomaji wetu, tumelileta jambo hili mbele yenu kwa kuwa wengi hudhani kama mzee huyu alivyodhani, ya kuwa fidia ni huruma ya tajiri wa kazi: akipenda atatoa, asipopenda basi. Sivyo. Fidia ni haki iliyoandikwa katika sheria, nayo ina njia yake na wakati wake.

Hapo kale, hata katika nchi zenye viwanda vingi, mtu aliyekatwa na mashine alipaswa kwenda barazani na kuonyesha kwamba kosa lilikuwa la bwana wake. Maskini gani angeweza kulipa wakili? Ndipo Ujerumani ilipotunga sheria ya bima ya ajali za kazini mwaka 1884, na Uingereza ikatunga sheria yake ya fidia mwaka 1897. Shina la mawazo hayo ni hili: kama vile mwenye kiwanda ahesabuvyo mafuta na vyuma vya mashine katika gharama zake, vivyo hivyo na ahesabu miili ya watu iumiayo katika kazi yake. Waingereza walileta sheria ya namna hiyo Tanganyika, ikadumu hata baada ya uhuru wa mwaka 1961. Kisha mwaka 2008 Tanzania ilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015 upande wa Bara.

Mfuko huo hujazwa kwa michango ya waajiri, yaani Serikali na wenye kazi binafsi. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja katika mshahara wake kwa ajili ya mchango huo. Tena haimpasi kuonyesha kwamba mwajiri alikosa. Yatosha kwamba aliumia, au alipata ugonjwa, kwa sababu ya kazi yake. Lakini mtu aliyejiumiza kwa makusudi, au kwa utovu mkubwa wa adabu ya kazi, asitumaini kupokelewa kama wengine.

Je, alipwa nini? Kwanza, hutibiwa. Pili, akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, hupewa sehemu 70 katika kila 100 za mshahara wake. Aliyekuwa akipata shilingi 200,000 kwa mwezi hupata 140,000. Tatu, akibaki na kilema, madaktari hukipima: kikiwa hakizidi 30 katika 100, hulipwa fedha kwa mara moja, kikizidi hapo, hupewa pensheni ya kila mwezi. Aliyeumia sana hata ahitaji mtu wa kumhudumia, hupewa msaada wa kumlipa mhudumu huyo. Iko pia huduma ya kumrudishia mtu uwezo wa kazi. Na mfanyakazi akifa, Mfuko hutoa msaada wa mazishi, na mjane na watoto wake hupewa pensheni. Basi enyi mama wa nyumbani, msidhani kwamba jambo hili ni la waume zenu tu.

Sasa tusikie njia yake. Mtu akiumia, na ampashe mwajiri habari mara moja, kwa mdomo au kwa barua. Akiwa hawezi, mwenzake na amsemee. Mwajiri naye yampasa kuupasha Mfuko habari hizo ndani ya siku 7. Madai yenyewe hayana budi kupelekwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Hospitalini na aseme kweli yote: ameumia wapi, saa ngapi, kwa chombo gani, kwa maana cheti kile ndicho kitakachomsemea baadaye. Na ayaandike majina ya waliomwona, atunze karatasi zake zote, wala asitie sahihi au kidole gumba katika karatasi asiyoielewa. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pengine mtu atauliza, "Nikisema kweli, je, sitafukuzwa?" Hofu hiyo si ya bure, nasi hatuicheki. Lakini mtazame jirani yangu: alinyamaza ili asiipoteze kazi, akaipoteza kazi na haki pamoja. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Nanyi walimu, mnaojua kusoma sheria na kuandika barua, msiwaache wazee wetu peke yao. Wasomeeni maneno haya jioni moja. Na mkisikia kwamba mtu ameumia kazini, mwendeeni siku ile ile mkiwa na kalamu na karatasi, mwandike tarehe, mahali, na majina ya mashahidi. Mwana wa jirani yangu afanya hivyo sasa kwa watu wa kijiji anakofundisha, na baba yake ndiye aliyemwagiza.