Mtunza Nasaba wa Ukoo

Marehemu ami yangu, Mungu amrehemu, aliyeongoza jumuiya ya ukoo wetu uliotapakaa katika vilima vya Kisii na Nyamira, alikuwa na daftari la jalada gumu ambamo watoto wa kila mzee wa kale waliandikwa chini ya jina la mama yao, kwa kuwa katika ada za Abagusii wa zama za mitara kila mke alikuwa na nyumba yake, enyomba, na ng'ombe wa mahari ya binti walikuwa haki ya ndugu zake wa nyumba ile.

Kazi hiyo ya kutunza nasaba ilikuwa na manufaa makubwa. Mila inawakataza vijana wa ukoo mmoja kuoana, na kwa kuwa siku hizi hukutana Nairobi au ughaibuni pasipo kujua nasaba zao, wazazi walimwendea ami kabla ya posa, naye akayafuata majina kwa kidole, mstari kwa mstari, hata akapata jawabu. Ni masimulizi ya wazee wa namna hii aliyoyategemea mwanahistoria William Ochieng' katika kitabu chake cha tarikhi ya Abagusii kabla ya ukoloni, kilichotoka mwaka 1974.

Ninalomshukuru zaidi ni kwamba, miaka mingi kabla ya Katiba ya Kenya ya 2010 kukataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi, aliwaandika mabinti pamoja na watoto wao, ijapokuwa baadhi ya wazee walinung'unika.